Shajara ya mradi: kuvuja na kufurika kwa mapafu ya panya wenye sepsisi

Januari: swali

Mradi huu unachunguza namna maambukizi makali ya bakteria yaliyoanzia tumboni yanavyoharibu mapafu ya panya wa maabara, hata pale ambapo hakuna bakteria aliyepelekwa mapafuni moja kwa moja. Hali hiyo, sepsisi, ilipewa maelezo mapya mwaka 2016: ni kushindwa kufanya kazi kwa viungo kunakohatarisha maisha, kunakotokana na mwili kuyajibu maambukizi kwa namna iliyopoteza mpangilio. Kwa hiyo anayetafuta chanzo cha uharibifu hawezi kuwatazama bakteria peke yao. Sehemu kubwa ya madhara hufanywa na kinga ya mgonjwa mwenyewe, na mapafu huwa miongoni mwa viungo vya kwanza kuumia.

Sababu za mapafu kutangulia zinajulikana vizuri. Damu yote inayosukumwa na upande wa kulia wa moyo hupita mapafuni, kwa hiyo chochote kilichoponyoka ini, kiwe sumu ya bakteria au saitokini (kemikali za kuchochea uvimbe) zilizomwagwa na seli za kinga, hukutana na kapilari za mapafu kabla ya kusambazwa mwilini kote. Ukuta unaotenganisha damu na hewa ni mwembamba mno. Sehemu zake nyingi hazifiki hata maikromita 1. Umejengwa kwa tabaka la seli za endotheliamu upande wa damu, tabaka la seli za epitheliamu upande wa hewa, na utando wa msingi kati yake. Wembamba huo ndio unaoiwezesha oksijeni kupita kwa wepesi, na ndio unaoufanya ukuta uharibike upesi. Ukishaharibika, majimaji yenye protini hutoka kwenye damu yakaingia kwanza kwenye nafasi iliyo kati ya tabaka hizo, na hatimaye kwenye vifuko vya hewa. Mwaka 1967 Ashbaugh, Bigelow, Petty na Levine walieleza habari za wagonjwa 12 walioshindwa kupumua ghafla na ambao oksijeni ya kawaida haikuwasaidia. Hali waliyoieleza ndiyo inayoitwa ARDS wodini leo, na sepsisi pamoja na nimonia zimo katika sababu zake kubwa.

Swali letu ni dogo kuliko hilo. Tunataka kujua kama kuvuja kwa ukuta na kufurika kwa mapafu ni jambo moja linaloweza kupimwa kwa kipimo kimoja. Ripoti nyingi za wanyama wa maabara huyapima mapafu uzito, zikakuta hayakuongezeka maji, zikahitimisha kwamba hayakuumia. Tunashuku kwamba hitimisho hilo huruka hatua.

Februari: mfano upi wa ugonjwa

Njia tatu zilijadiliwa, na mjadala ulikuwa mrefu kuliko tulivyotarajia, kwa sababu kila njia huzaa jeraha la namna yake.

Ya kwanza ni kumdunga mnyama endotoksini. Jina hilo lilitolewa na Richard Pfeiffer mwaka 1892 alipokuwa akichunguza bakteria wa kipindupindu, na kitu chenyewe leo tunakifahamu kuwa ni lipopolisakaridi, sehemu ya utando wa nje wa bakteria wa kundi la Gramu hasi. Mwaka 1998 kundi la Bruce Beutler lilionyesha kwamba panya wadogo (jamii tofauti na panya wakubwa tunaowatumia sisi) wa ukoo wa C3H/HeJ hawaisikii sumu hii kwa sababu wana hitilafu katika jeni ya kipokezi kiitwacho TLR4. Beutler alikuwa mmoja wa watu watatu walioshiriki Tuzo ya Nobel ya tiba mwaka 2011. Uzuri wa njia hii ni kwamba kiwango kinajulikana na saa ya kuanza inajulikana. Ubaya wake ni kwamba hakuna bakteria hai wa kuendelea kuzaliana, hivyo saitokini hupanda ghafla na kushuka upesi kuliko inavyokuwa kwa mgonjwa. Zaidi ya hayo, binadamu aliyejitolea kwa utafiti hupata homa na kutetemeka kwa nanogramu 2 hadi 4 kwa kila kilo ya uzito, ilhali panya mdogo hupewa miligramu kadhaa kwa kila kilo ndipo augue sana. Tofauti ya mara milioni si jambo la kupuuzwa kwa kuandika tanbihi moja.

Njia ya pili ni kuwapeleka bakteria kama Klebsiella pneumoniae au Pseudomonas aeruginosa kwenye koo la hewa. Hiyo ni nimonia, na jeraha lake huanzia upande wa epitheliamu. Inafaa kwa swali jingine, si letu.

Ya tatu, ambayo ndiyo tuliyoichagua, ilielezwa na Wichterman, Baue na Chaudry mwaka 1980: mnyama hupewa dawa ya usingizi, tumbo likafunguliwa, sehemu ya utumbo kipofu ikafungwa kwa uzi na kutobolewa kwa sindano, kisha tumbo likashonwa. Kinyesi huvuja taratibu, na bakteria wa aina nyingi huingia tumboni na kwenye damu. Daktari wa upasuaji wa ukanda wetu hahitaji kuelezwa zaidi, kwa maana utumbo uliotoboka kwa homa ya matumbo humletea wagonjwa wa namna hiyo hiyo. Udhaifu wa njia hii ni kwamba ukali wa ugonjwa hutegemea urefu wa utumbo uliofungwa, unene wa sindano na mkono wa mpasuaji, na kwamba jeraha la mapafu huwa la wastani na la vipandevipande. Kwa mradi unaouliza swali kuhusu jeraha lisiloonekana kwa urahisi, udhaifu huo wa mwisho kwetu ni faida.

Kabla ya kufunga mjadala tulirudi kwa kondoo. Mwaka 1974 Brigham na wenzake waliwapa kondoo bakteria wa Pseudomonas kwenye damu huku wakikusanya limfu, yaani majimaji ya tishu, inayotoka mapafuni, wakaona limfu ikiongezeka sana na kubaki na protini nyingi, bila shinikizo la damu ya mapafuni kupanda kiasi cha kuelezea ongezeko hilo. Laiti shinikizo ndilo lingekuwa chanzo, limfu ingeongezeka huku protini ikipungua mkolezo. Hivyo ndivyo kuvuja kulivyotenganishwa na kusukumwa, na hatujaona jaribio lililoyatenganisha mambo hayo kwa uwazi zaidi. Hata hivyo kondoo, nguruwe na ng'ombe wana makrofaji (seli za kinga zinazomeza bakteria) zinazokaa ndani ya mishipa ya mapafu, seli ambazo panya na binadamu kwa kawaida hawana, na ndizo zinazowafanya waathirike kwa kiwango kidogo sana cha endotoksini. Tumeazima fikra za jaribio la kondoo na kubaki na panya wakubwa wa ukoo wa Wistar, ambao tunawafuga na tunazijua tabia zao.

Machi: kibali

Kamati ya maadili ilisoma pendekezo letu kwa makini, na maswali yake yalikuwa ya haki. Msingi wake ni kanuni tatu za Russell na Burch za mwaka 1959: badilisha mnyama kwa njia nyingine inapowezekana, punguza idadi, boresha matunzo ili mateso yawe madogo. Swali lililochukua muda lilikuwa ni kwa nini kuwe na kundi lisilopewa viuavijasumu wala maji, wakati mapendekezo ya wataalamu waliokutana Vienna mwaka 2017 kuhusu viwango vya chini vya utafiti wa sepsisi kwa wanyama yanasisitiza mnyama atibiwe kwa namna inayokaribia ya mgonjwa.

Jibu letu lilikuwa kwamba fasihi nzima tunayotaka kuihoji imejengwa juu ya wanyama wasiotibiwa, hivyo bila kundi dogo la namna hiyo hatuna cha kulinganisha. Tulikubaliana kwamba kundi hilo liwe dogo iwezekanavyo, muda wake uwe mfupi, na kila mnyama akifikia dalili zilizoorodheshwa, yaani joto la mwili kushuka chini ya kiwango kilichowekwa, kutoitikia akiguswa, au kupumua kwa shida, basi asisubiri saa ya jaribio. Dawa ya maumivu, buprenofini, wanapewa wote. Wapo watafiti wanaoogopa kwamba dawa za jamii ya afyuni huigusa kinga na kuvuruga matokeo. Ni kweli huigusa, lakini maumivu nayo huigusa, na mgonjwa anayefanyiwa upasuaji wa tumbo haachwi bila dawa ya maumivu.

Kundi la kulinganishia litafunguliwa tumbo na kushonwa bila utumbo kufungwa wala kutobolewa.

Aprili: vipimo

Mwezi huu ulikwenda kwenye kuamua kila mnyama atoe nini. Mapafu ni kiungo kimoja na vipimo ni vingi, na baadhi ya vipimo huharibiana. Ukiyaosha mapafu kwa maji ya chumvi ili kupata seli na protini zilizomo kwenye vifuko vya hewa, huwezi tena kuyapima uzito wa maji. Ukiyajaza formalini kwa ajili ya hadubini, vivyo hivyo. Panya mkubwa ana bahati moja ya kimaumbile: pafu lake la kushoto ni ndewe (sehemu kuu ya pafu) moja tu, na la kulia lina ndewe nne. Kwa hiyo tumepanga kufunga kwa uzi bronkasi ya kulia, yaani mrija wa hewa uendao pafu la kulia, kujaza formalini upande wa kushoto kwa ajili ya slaidi, na kuzitumia ndewe za kulia kwa kupima uzito. Wanyama wengine wa kundi lilelile wataoshwa mapafu.

Kipimo cha uzito ni rahisi kukieleza. Kipande hupimwa kikiwa kibichi, kikakaushwa kwenye tanuri kwa nyuzi 60 hadi uzito usipungue tena, kikapimwa upya, kisha uzito wa kwanza ukagawanywa kwa wa pili. Mapafu yasiyougua hutoa uwiano wa kati ya 4 na 5. Urahisi huo ndio uliokifanya kipimo hiki kipendwe, na ndio unaokifanya kitumike pasipostahili: hakitofautishi maji yaliyovuja na damu iliyojaa kwenye mishipa, na hakisikii kuvuja kidogo kwa protini hata kidogo. Umeme ulipokatika usiku wa manane tukiwa tunajaribu tanuri, tulilazimika kuvitupa vipande vyote vya majaribio, kwani haikujulikana vilikaa kwa joto gani na kwa muda gani. Tanuri sasa limeunganishwa kwenye betri pamoja na friji ya dawa.

Kwa kuvuja kwenyewe tumechagua kupima protini na albumini (protini kuu ya majimaji ya damu) kwenye maji ya kuoshea mapafu. Tuliifikiria pia rangi ya buluu ya Evans, ambayo hujishikiza kwenye albumini ya damu na hivyo kuonyesha albumini ilikokwenda. Lakini isipooshwa vizuri kutoka kwenye mishipa kabla ya mapafu kukatwa, rangi iliyobaki ndani ya damu huhesabiwa kuwa imevuja. Tutaitumia kwa wanyama wachache tu, kama ushahidi wa pili.

Mei: kundi la kwanza

Kundi la kwanza, la wanyama wasiopewa maji wala viuavijasumu pamoja na wenzao wa kulinganishia, limekamilika. Wanyama wenye sepsisi walijikunyata, manyoya yakasimama, na joto la mwili likashuka badala ya kupanda, jambo la kawaida kwa panya ingawa humshangaza mwanafunzi anayetarajia homa.

Napenda kueleza hatua ya kujaza formalini kwa kirefu, kwa sababu ubora wa slaidi zote huamuliwa hapo. Chupa ya formalini hutundikwa sentimita 25 juu ya kifua cha mnyama aliyekwisha kufa kwa dawa ya usingizi, na mpira wake huunganishwa na kichirizi kilichofungwa kwenye koo la hewa. Urefu huo ndio shinikizo. Mkono wa mtu hausukumi chochote. Pafu la mnyama wa kulinganishia hupanda taratibu, ncha zake hufunguka za mwisho, na rangi yake ya waridi hugeuka kuwa nyeupe iliyofifia pande zote kwa pamoja. Pafu la mwenye sepsisi lilipanda kwa mabaka: sehemu zilifunguka kama kawaida, na nyingine, hasa za nyuma karibu na uti wa mgongo, zilibaki na wekundu mzito na kuchelewa kujaa. Fundi wetu wa histolojia, ambaye kwa umri na ujuzi wake sote tunamwita Mzee, alisimama kando bila kusema neno hadi mwenzetu mmoja alipotaka kuikamua bomba kidogo ili mambo yaende haraka. "Liache, mwanangu," alimwambia. "Ukilisukuma wewe, kesho utasoma mkono wako kwenye slaidi." Tuliliacha.

Uzito wa ndewe za kulia haukuonyesha tofauti ya kutegemewa kati ya makundi mawili. Protini kwenye maji ya kuoshea mapafu, kwa upande mwingine, ilikuwa imepanda waziwazi kwa wenye sepsisi. Yaani kwa kipimo kimoja mapafu yale ni mazima, na kwa kipimo kingine ukuta wake umeanza kupitisha kile usichopaswa kupitisha.

Mei, mwishoni: slaidi

Slaidi zimepakwa hematoksilini na eosini kama kawaida. Kwa ukuzaji wa mara 400 jambo la kwanza linaloonekana ni neutrofili, seli nyeupe za damu zenye kiini kilichogawanyika vipande kama shanga (naomba radhi kwa ulinganisho, lakini hakuna njia fupi ya kumfundisha mwanafunzi kuzitambua), zimejipanga ndani ya kuta za vifuko vya hewa. Mahali pengi zimo ndani ya kapilari bado, hazijavuka.

Kukwama huko kuna sababu ya kimaumbile. Neutrofili ni pana kuliko kapilari nyingi za mapafu, na ili ipite hulazimika kujinyonga na kubadilisha umbo. Saitokini zikiiamsha, kiunzi chake cha ndani hukakamaa, na seli iliyokuwa ikipita kwa kujikunja hubaki imenasa. Ikishanasa humwaga elastasi, mieloperoksidasi na kemikali za oksijeni zinazounguza, silaha zilizokusudiwa bakteria ambazo hapo humwagwa juu ya endotheliamu. Mwaka 2004 Brinkmann, Zychlinsky na wenzao walionyesha kwamba neutrofili pia hurusha nyavu zilizosukwa kwa nyuzi za DNA na protini za histoni, ambazo hunasa na kuua bakteria. Baadaye ilionekana kwamba histoni zilizo nje ya seli huua seli za endotheliamu vilevile.

Hata hivyo slaidi hizi hazina budi kusomwa kwa tahadhari. Mapafu ya mnyama mzima nayo huhifadhi neutrofili nyingi kwenye kapilari zake wakati wote, kwa hiyo kuziona tu si ushahidi. Ushahidi ni wingi wake ukilinganishwa na wa kundi lisilougua. Tena kuna jeraha ambalo slaidi ya kawaida haiwezi kulionyesha kamwe. Endotheliamu imefunikwa upande wa damu kwa utando laini wa sukari na protini uitwao glikokalisi, na mwaka 2012 kundi la Schmidt lilionyesha kwa panya wadogo kwamba katika sepsisi kimeng'enya cha heparanasi huukata utando huo kwenye mapafu, hivyo kuziacha wazi molekuli ambazo neutrofili hujishikiza kwazo. Formalini na nta huiondoa glikokalisi hata kwa mnyama mzima. Tunachokiona kwa hadubini ni matokeo ya hatua ambayo yenyewe imeshatoweka.

Utando wa hialini, ule mkanda wa waridi wa fibrini na mabaki ya seli unaolala juu ya kuta za vifuko vya hewa na ambao ni alama kuu ya ARDS kwa binadamu, hatujauona. Hatukutarajia kuuona, kwa panya ni nadra.

Juni: alama

Tunatumia mfumo wa alama uliotolewa mwaka 2011 na kamati ya jumuiya ya Marekani ya magonjwa ya kifua, iliyoongozwa na Matute-Bello. Msomaji hutazama angalau maeneo 20 ya slaidi bila kujua ni ya mnyama gani, akatoa 0, 1 au 2 kwa kila jambo kati ya matano: neutrofili ndani ya vifuko vya hewa, neutrofili kwenye kuta, utando wa hialini, uchafu wa protini ndani ya vifuko, na kunenepa kwa kuta. Mambo hayo huzidishwa kwa uzito wa 20, 14, 7, 7 na 2 kwa mfuatano huo, na jumla hugawanywa ili alama iwe kati ya 0 na 1.

Mizani hiyo ina maoni yake, nami sina hakika kwamba yanaufaa mradi huu. Neutrofili iliyovuka na kuingia kwenye kifuko cha hewa ndiyo yenye uzito mkubwa kuliko yote, na hilo linafaa sana kwa nimonia. Kwa sepsisi inayotoka tumboni, ambapo neutrofili nyingi hubaki upande wa damu, alama hutoka ndogo hata pale ambapo protini imeshavuja. Kamati yenyewe haikukusudia alama isimame peke yake. Ilitaka jeraha lithibitishwe kwa ushahidi wa aina nyingine pia, yaani hali ya ukuta, mwitikio wa kinga, na utendaji kazi wa mapafu. Ushauri huo hunukuliwa mara nyingi kuliko unavyofuatwa.

Wasomaji wetu wawili walikubaliana vizuri kuhusu neutrofili na walitofautiana kuhusu unene wa kuta. Tulipoziweka slaidi zenye ubishi pamoja, nyingi zilikuwa na maeneo ambayo vifuko vya hewa vilikuwa vimesinyaa, na kuta mbili zilizolaliana huonekana kama ukuta mmoja mnene. Hapo ndipo maneno ya Mzee kuhusu shinikizo yalipopata uzito. Maeneo yaliyosinyaa sasa hayahesabiwi, na kanuni hiyo imeandikwa kwenye itifaki kabla ya kundi la pili kuanza.

Julai: dripu

Kundi la pili lilipewa viuavijasumu na maji ya chumvi kuanzia saa chache baada ya upasuaji. Hapa ndipo swali la Januari lilipopata sura.

Ernest Starling alieleza mwaka 1896 kwamba maji hutoka kwenye mishipa kwa kusukumwa na shinikizo la damu na kuzuiwa na mvuto wa protini zilizomo ndani. Mnyama mwenye sepsisi asiyetibiwa hupoteza maji mengi tumboni na ndani ya utumbo, hanywi, na shinikizo lake limeshuka. Ukuta wa mapafu yake unaweza kuwa na matundu, lakini hakuna kinachosukuma maji kupita kwenye matundu hayo kwa wingi. Mpe dripu, shinikizo lipande, mkolezo wa protini kwenye damu ushuke, na ukuta uleule uliokuwa ukivuja kimyakimya utafurika. Sehemu ya daftari la uzito tuliyoruhusiwa kuifungua inaonyesha mwelekeo huo: ndewe za kulia za wenye sepsisi waliopewa maji ni nzito kuliko za wasiopewa, na za wanyama wa kulinganishia waliopewa maji kiasi kilekile hazikubadilika. Namba zenyewe zitaandikwa hapa daftari litakapofunguliwa lote, maana wasomaji wa slaidi bado hawajamaliza.

Kuna jambo la tatu ambalo halimo kwenye hesabu ya Starling. Seli za aina ya pili za epitheliamu, zilezile zinazotengeneza safaktanti ya kuzuia vifuko visisinyae, husukuma sodiamu kutoka kwenye kifuko cha hewa kurudi kwenye tishu, na maji hufuata. Ware na Matthay walionyesha mwaka 2001 kwamba wagonjwa wengi wa ARDS wamepungukiwa na uwezo huo, na kwamba waliobaki nao hupona kwa wingi zaidi. Kufurika, basi, ni tofauti kati ya kinachovuja na kinachorudishwa, na mnyama anaweza kuwa na mapafu makavu kwa sababu mbili zisizohusiana.

Suala hili si la maabara peke yake katika nchi zetu. Utafiti wa FEAST uliochapishwa mwaka 2011, uliofanyika Kenya, Uganda na Tanzania kwa watoto 3,141 wenye homa kali na dalili za damu kutofika vizuri mwilini, ulikuta kwamba vifo ndani ya saa 48 vilikuwa asilimia 10.6 na 10.5 kwa waliopewa maji ya haraka ya albumini au ya chumvi, na asilimia 7.3 kwa wasiopewa. Mwaka 2017 utafiti wa Lusaka kwa watu wazima wenye sepsisi na shinikizo la chini, wengi wao wakiishi na VVU, ulikuta vifo vya asilimia 48.1 kwa waliofuata mpango wa maji ya mapema dhidi ya asilimia 33.0 kwa waliopata matunzo ya kawaida. Ni kosa kuzichukua tafiti hizo kama uthibitisho wa panya wetu: uchambuzi wa baadaye wa FEAST ulielekeza vifo vingi vya ziada kwenye kuanguka kwa moyo na mzunguko wa damu, si kwenye mapafu kujaa maji. Lakini zinatosha kumfanya mtu aulize ni jambo gani hasa hutokea mapafuni maji yanapoingia haraka, mahali ambapo mashine ya kupumulia haipo karibu.

Kigali ilitufundisha kuhusu kupima pia. Maelezo ya ARDS yaitwayo ya Berlin, yaliyochapishwa mwaka 2012, yanataka kipimo cha gesi za damu ya ateri na mgonjwa awe kwenye mashine yenye shinikizo maalumu; Riviello na wenzake walipotafuta wagonjwa wa namna hiyo katika hospitali ya rufaa ya Kigali, hawakumpata hata mmoja aliyetimiza masharti yote, ingawa wagonjwa wenyewe walikuwapo. Walipotumia kipima oksijeni cha kidoleni na ultrasaundi ya mapafu, wakaonekana. Maelezo mapya ya kimataifa ya ARDS yamekubali vipimo hivyo viwili.

Agosti: hali ilivyo

Usomaji wa slaidi za kundi la pili unaendelea. Maji ya kuoshea mapafu yamegandishwa, na vipimo vya albumini vitafanyika vyote kwa pamoja ili tofauti za siku na za kemikali zisiingie kati ya makundi. Katika mkutano wa mwezi huu Profesa alituuliza, kwa haki, panya atawaambia nini madaktari wa wodini, akitukumbusha mabishano ya mwaka 2013, ambapo kundi moja lilidai kwamba jeni za panya wadogo hazijibu uvimbe kama za binadamu, na baada ya muda mfupi kundi jingine likazichambua data zilezile na kufikia hitimisho la kinyume. Nilimjibu kwamba swali letu halitegemei jeni ipi imewaka. Linategemea kama kipimo cha uzito kinaweza kusema "zima" juu ya pafu lililokwisha kuvuja, na jibu la hilo linapatikana kwa panya. Hakukubali moja kwa moja, ila aliruhusu kundi la tatu.

Kundi hilo litapewa viuavijasumu vilevile na maji nusu ya kiasi cha sasa, yakitolewa polepole. Ombi la mabadiliko limepelekwa kwa kamati ya maadili pamoja na jedwali la joto la mwili la wanyama wote wa makundi mawili ya kwanza, na upasuaji hautaanza kabla ya jibu kufika.